Maji ya Vyombo Nyuma ya Mabanda ya Chakula

Jumatatu asubuhi, tamasha likiwa limemalizika usiku uliotangulia, nilirudi ufukweni Kigamboni, Dar es Salaam, kuhesabu viti na meza tulizokodi, nikakuta nyuma ya mabanda ya chakula dimbwi ambalo siku ya Ijumaa halikuwapo. Nilipolipima kwa miguu lilikuwa na urefu wa hatua 12, maji yake yalikuwa na rangi ya majivu, na juu yalitanda mafuta yaliyong'aa kwa jua la saa mbili. Punje za wali na vipande vya kachumbari vilikuwa vimejipanga ukingoni, kama takataka za bahari zinavyojipanga mchangani maji yanapokupwa. Siku zote hizo mvua haikunyesha hata tone. Maji yale yote tuliyaleta sisi.

Katika kamati ya maandalizi mimi ndiye niliyekabidhiwa maji na vyoo. Kazi hiyo nimeifanya kwa kujitolea kwa miaka kadhaa sasa, kwenye matamasha ya muziki na vyakula, kwenye kambi za vijana wa kanisa letu, na mara moja kwenye mkutano wa injili uliojaza kiwanja cha mpira kwa siku tano, na kila mara niliamini kwamba nimeifanya vizuri kwa sababu maji hayakukatika na foleni ya vyoo haikuwa ndefu. Mbele ya dimbwi lile nilitambua kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikijibu nusu ya swali. Nilijua kila boza lililoingia uwanjani limetoka wapi, limelipiwa shilingi ngapi na limejaza matangi yapi. Sikuwahi kumwuliza mtu yeyote, wala hakuna aliyewahi kuniuliza mimi, maji hayo yakishatumika yatatoka kwa njia gani.

Siku hiyo jioni nilikaa na daftari langu nikapiga hesabu ambayo ilipaswa kupigwa miezi miwili kabla. Tulikuwa na mabanda 14 ya chakula. Kila banda lilikuwa na pipa la lita 200 kwa ajili ya kupikia na kuoshea, na vijana wa maji walilijaza mara tatu kwa siku, yaani lita 600 kwa banda, lita 8,400 kwa mabanda yote, na lita 16,800 kwa siku mbili za tamasha. Sehemu ya maji hayo iliingia kwenye wali, mchuzi na chai, lakini sehemu kubwa iliishia kwenye mabeseni ya vyombo. Vyoo vya kukodi vilikuwa 24, kila kimoja kikiwa na tangi la takriban lita 200 chini yake, navyo vilinyonywa mara mbili, usiku wa kwanza na mwisho wa tamasha. Kwa hiyo, hata kama kila tangi lingekuwa limejaa hadi shingoni, majitaka ya vyooni yasingezidi lita 9,600. Vikao viwili vizima tulivitumia kujadili vyoo. Maji ya jikoni, ambayo yalikuwa mengi kuliko hayo, hayakuandikwa hata mstari mmoja kwenye mpango wetu. Na hapo sijawahesabu vijana karibu 200 waliolala kwenye mahema kuanzia Ijumaa, ambao kila mmoja alioga ndoo moja asubuhi na nyingine jioni, ndani ya ua wa makuti, juu ya mchanga mtupu.

Nadhani chanzo cha kosa hili ni kwamba tumelelewa kuuona uchafu chooni tu. Maji ya vyombo tunayaita maji ya sabuni, na sabuni kwetu ni jina jingine la usafi, kwa hiyo mtu anayemwaga beseni nyuma ya banda hajioni kuwa anachafua mahali. Lakini beseni lile limeosha ubao uliokatiwa kuku mbichi, limeoshewa mikono ya watu waliotoka msalani, limebeba mafuta ya chipsi, mchuzi na makombo, na mchanganyiko huo ukikaa juani siku moja huoza na kunuka kama majitaka mengine yoyote. Nzi hawaulizi kama maji yametoka jikoni au chooni. Wakitoka dimbwini wanatua kwenye sahani ya mtu aliye hatua 10 mbele yake.

Kinachotudanganya zaidi watu wa pwani ni mchanga. Ukimwaga ndoo ya maji kwenye udongo wa mfinyanzi, maji yatasimama uyaone, au yatatiririka hadi kwa jirani, nawe utalazimika kuyatafutia njia. Ukiimwaga ndoo hiyo hiyo kwenye mchanga wa Kigamboni au Kunduchi, maji yanazama kabla hujaiweka ndoo chini, na unaondoka ukiamini kwamba ardhi imeyamaliza. Ardhi haijayamaliza. Udongo husafisha majitaka pale yanapopita polepole katika tabaka lenye hewa, ili vijidudu vya udongoni vipate muda wa kula uchafu huo, na vimelea vya magonjwa vinase au vife njiani. Mchanga mkubwa wa ufukweni hautoi muda huo, hasa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, na kwa hiyo ule wepesi wa kuzama tunaoufurahia ndio hatari yenyewe. Kisha, maji yakiendelea kumwagwa mahali pamoja, mafuta hufunika punje za mchanga, mabaki ya chakula hujaza nafasi zilizo kati yake, bakteria wanaokula mabaki hayo huacha ute, matundu yanaziba, na maji yanayofuata yanakosa pa kuzamia. Ndiyo maana Jumamosi hakuna aliyeona kitu, na Jumapili alasiri dimbwi likaanza kujitokeza. Tulichokiona ni yale yaliyokataliwa na mchanga. Yaliyopokelewa na mchanga yalikuwa yameshaondoka.

Yalikokwenda nilionyeshwa siku ya Alhamisi. Mwenyekiti wa mtaa alinipigia simu, akaniambia kuna bibi jirani na uwanja anaomba kuonana na wenye tamasha, na kwamba ni vyema nije mwenyewe nisitume mtu. Ng'ambo ya uzio wa michongoma, hatua 12 tu kutoka kwenye ule ua wa makuti waliokuwa wakiogea vijana, kulikuwa na nyumba ya matofali yenye kisima cha pete za zege uani. Nilibisha hodi, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi ndio wenye ngoma ya juzi?"

Nikakiri kwamba ndiyo sisi. Hakuniinulia sauti. Aliteremsha ndoo kisimani, akaipandisha, akaisogeza karibu na uso wangu, akasema, "Nusa." Maji yalionekana meupe kabisa, lakini yalikuwa na harufu ya sabuni ya kuogea, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na uchachu kama wa chombo kilicholala bila kuoshwa. Akaniambia kwamba harufu ile aliisikia tangu Jumanne, akadhani mjukuu wake amefulia nguo karibu na kisima, akamgombeza mtoto mpaka akalia. "Nimemsema bure," alisema, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua kuliko hata maji.

Kisima kile kilikuwa na maji kwenye kina cha pima mbili hivi, yaani pungufu ya mita 4 kutoka usawa wa uani. Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi hufuata viwango viitwavyo Sphere, ambavyo vinataka choo cha shimo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya watu waliofukuzwa makwao na vita au mafuriko, watu ambao shirika linawapokea usiku likiwa na maturubai na majembe tu. Sisi tulikuwa na miezi mitatu ya maandalizi, tulikuwa na wadhamini, tulikuwa na jukwaa lenye taa za rangi sita, na hata hivyo tuliwaogesha watu 200 mita 9 kutoka kisima cha mtu bila kwenda kuangalia kuna nini nyuma ya uzio.

Ipo sehemu nyingine ya habari hii ambayo inanikera zaidi, nayo inahusu vyoo, jambo ambalo nilidhani tulilipanga vizuri. Gari la kunyonya majitaka tulilikodi kwa tripu. Usiku wa Jumamosi lilinyonya, likaondoka saa sita kasoro, na dakika 35 baadaye lilikuwa limerudi tupu kwa tripu ya pili. Wakati ule nilimshukuru dereva kwa uharaka wake. Ni baada ya kuonyeshwa ile ndoo ndipo nilipoanza kuirudia saa ile kichwani, kwa sababu magari ya majitaka ya jiji hili hupeleka mzigo wake kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama yale ya Vingunguti, na kutoka upande wetu wa Kigamboni, kuvuka daraja, kufika Vingunguti, kusubiri zamu, kumwaga na kurudi, hakuwezi kuwa kazi ya dakika 35 hata kama barabara nzima ingefungwa kwa ajili ya gari hilo moja. Nilipompigia simu mwenye gari alinijibu kwamba dereva "alipata sehemu ya karibu". Sehemu hiyo hakuitaja, na mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kumdai, kwa sababu mkataba wetu ulisema tutalipa kwa kila tripu ya kunyonya, bila neno lolote kuhusu mahali pa kumwaga. Tulinunua kuondolewa kwa majitaka machoni petu. Tulichokilipia ndicho tulichokipata.

Watu wa Dar es Salaam wanalijua neno kutapisha. Masika yanapopamba moto, katika mitaa ya mabondeni, mtu mwenye choo kilichojaa hutoboa ukuta wa shimo au hufungua mfuniko, ili maji ya mvua yabebe yaliyomo na kuyapeleka mferejini, kisha mtoni, kisha kwa aliye chini yake. Ni jambo baya, nalo linaua watu. Lakini nimefika kwenye mitaa hiyo, na najua kwamba nyingi ya nyumba zake hazifikiwi na bomba la majitaka, kwamba vichochoro vyake havipitishi gari hata dogo, na kwamba bei ya kunyonya shimo ni kodi ya chumba ya mwezi au zaidi. Anayetapisha huko amekosa njia nyingine. Mwandaaji wa tamasha hajakosa. Uwanja wake umechaguliwa kwa sababu gari la jukwaa linaweza kuingia, na panapoingia gari la jukwaa gari la majitaka haliwezi kushindwa. Fedha zipo, kwa kuwa tiketi zimeuzwa. Na idadi ya watu inajulikana mapema. Kwa hiyo mwandaaji anayeyaachia majitaka yazame mchangani, au anayemlipa dereva bila kumwuliza anakokwenda, ametapisha akiwa na uwezo wa kutotapisha, kisha akakunja mahema akaenda kulala mtaa mwingine.

Sitaki kutia chumvi juu ya hatari, lakini pia sitaki tuisahau. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza katika jiji hili, wilayani Kinondoni, kikasambaa karibu nchi nzima, na kufikia mwaka uliofuata walikuwa wameugua zaidi ya watu 20,000. Ugonjwa huo husafiri kwa njia fupi sana, kutoka kinyesi cha mmoja hadi maji au chakula cha mwingine, na tamasha ni mahali ambapo maelfu ya watu kutoka wilaya zote wanakula, wanakunywa na kujisaidia ndani ya eneo la kiwanja kimoja, kisha wanatawanyika usiku ule ule hadi Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju na Kibaha. Na kila kipindupindu kinapobisha hodi mjini, wa kwanza kufungiwa biashara ni mama lishe, mtu yule yule ambaye kwenye uwanja wetu tulimpa maji bila kumpa mahali pa kuyamwaga.

Mmoja wao aliniambia hivyo usoni. Ni mama ambaye amepika kwenye matamasha mengi kuliko niliyowahi kuandaa mimi, na nilimfuata kibandani kwake Temeke kumuuliza ni nini alichokiona akakaa kimya. Akasema, "Kaka, nyinyi mlitupa maji, hamkutupa pa kumwaga." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, kwa sababu Kiswahili chake kinakubali maana zote mbili za neno mlitupa, na zote mbili zilikuwa za kweli kwetu. Kisha akanieleza anavyofanya yeye kibandani, bila kufundishwa na afisa yeyote: makombo yanakwanguliwa kwanza kwenye ndoo ya peke yake, ambayo jirani mfuga kuku huichukua jioni, sahani zinafutwa kwa karatasi kabla ya kugusa maji, beseni la kwanza ni la sabuni, la pili na la tatu ni ya kusuuza, na maji ya beseni la tatu yakianza kuchafuka yanashushwa kuwa ya pili. Kwa mpango huo anaosha sahani 100 kwa maji ambayo sisi uwanjani tuliyatumia kwa sahani 30. Mafuta yaliyotumika hayamwagi kabisa, yanarudi kwenye dumu lake. Aliniuliza kwa nini hatukuwaita mama lishe kwenye kikao hata kimoja, na sikuwa na jibu.

Wenzetu wa nchi nyingine wameyaona haya haya kwa ukubwa zaidi, na inafaa tujifunze kwa makosa yao kabla ya kuyarudia. Tamasha la Glastonbury la Uingereza, ambalo hufanyika kwenye shamba la ng'ombe, lilipata mkosi mwaka 2014 pale tangi la majitaka lilipovuja hadi kwenye mto Whitelake na kuua samaki. Mwaka 2016 mahakama iliwaamuru waandaaji kulipa faini na gharama ambazo kwa jumla zilifika pauni 31,000. Jambo lililonigusa zaidi kuhusu mto huo ni utafiti uliopima maji yake mwaka 2019, juu na chini ya uwanja, ukakuta upande wa chini mabaki ya dawa za kulevya yaliyopitia kwenye mkojo wa watu. Tuliache suala la dawa hizo. Linaloelekea kuonekana hapo ni kwamba mkojo wa mtu aliyejificha nyuma ya mti unafika mtoni, na unafika ukiwa na kiasi kinachopimika. Kwetu wanaume huelekea kwenye minazi na kwenye uzio kila foleni inapozidi watu watano, nami nilikuwa nikipita nikiwaangalia bila kusema neno.

Denmark waliuchukulia mkojo kama mali. Katika tamasha la Roskilde la mwaka 2015 walikusanya takriban lita 50,000 za mkojo wa wahudhuriaji kwenye matangi, wakaupeleka mashambani kurutubisha shayiri, maana mkojo una naitrojeni, fosforasi na potasiamu, vitu vile vile ambavyo mkulima hununua kwenye mfuko wa mbolea. Sidai kwamba tuanze na hayo. Nayataja kwa sababu hatua yao ya kwanza, kuwawekea wanaume sehemu ya kukojolea yenye mfereji na tangi, ni mabati, bomba na simtanki, vitu vinavyouzwa Kariakoo kila siku. Na huko Marekani, kwenye jangwa la Black Rock jimboni Nevada, tamasha la Burning Man linalokusanya takriban watu 70,000 haliruhusu mtu kumwaga hata maji yake ya kuogea ardhini. Kila kambi hubeba yake na kuondoka nayo, au huyakausha kwa jua kwenye karai pana lililotandikwa turubai. Kwenye hewa yetu nzito ya pwani maji hayakauki upesi hivyo, kwa hiyo hilo la kukausha siliamini kwa Dar es Salaam, lakini lile la kila kambi kuwajibika kwa maji yake naliamini sana.

Viwanja vya kambi vya kudumu vina shida yao ya pekee. Ufukwe wa Kigamboni hupokea wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari makubwa yenye vitanda, jiko na wakati mwingine choo chenye tangi dogo la kuchomoa. Nchini Marekani viwanja vingi vya namna hii vina sehemu maalumu ya kumwagia matangi hayo. Hapa, kwenye viwanja nilivyofanyia kazi, msafiri akiuliza anaonyeshwa choo cha kawaida, na yaliyomo, yakiwa na dawa ya buluu ya kuzuia harufu, yanaingia kwenye shimo la majitaka la kiwanja. Mwenye uwanja wetu naye, kwa nia njema kabisa, alitushauri tumwage vyoo vya kukodi kwenye shimo lake ili kuokoa gharama ya gari. Nilikataa, na ninafurahi kwamba angalau hilo nililijua. Shimo la majitaka la nyumba ya wageni hufanya kazi kwa sababu bakteria waliomo ndani yake wanakula uchafu polepole, na dawa ile ya buluu imetengenezwa kwa ajili ya kuwazuia bakteria. Ukimimina maelfu ya lita zake kwa usiku mmoja unawaua wafanyakazi wa shimo lile, na shimo linabaki kuwa kisima cha kinyesi kinachopitiliza kuingia mchangani bila kusafishwa. Kwenye mabwawa makubwa mzigo huo unachanganyika na majitaka mengine mengi, unakaa kwa siku nyingi, mayai ya minyoo yanatuama chini, mwani unatoa oksijeni kwa nguvu za jua, na bwawa linalofuata linamalizia kazi ya lile lililotangulia. Ni teknolojia ya kizamani isiyo na mashine nyingi, nami naiheshimu.

Desemba iliyopita tuliandaa kambi ya vijana ya siku nne kwenye ufukwe mwingine, tukaipanga upya. Kabla ya kuchora mahali pa jukwaa tulizunguka nje ya uzio na mjumbe wa eneo, tukaweka alama kwenye kila kisima, na bafu pamoja na jiko vikakaa upande wa pili kabisa. Kila banda la chakula lilipewa ndoo ya makombo, chujio la wavu na mpangilio wa mabeseni matatu kama wa yule mama wa Temeke, ambaye safari hii aliingia kwenye kamati na kusimamia wenzake. Maji yote ya vyombo yalimwagwa kwenye pipa moja la kutenga mafuta, ambalo si kitu cha ajabu: maji yanaingia juu, mafuta yanaelea, na bomba la kutolea linachota kutoka chini na kuyapeleka kwenye simtanki. Fundi bomba alilitengeneza kwa siku moja. Mafuta tuliyoyaengua juu ya pipa lile kwa siku nne yalijaza ndoo mbili, na kila aliyepita nilimwita aje azitazame.

Mkataba wa gari nao tuliubadilisha sentensi moja: tripu inalipwa dereva akirudi na stakabadhi ya bwawani yenye tarehe na saa. Magari mawili ya kwanza yalikataa kazi hiyo. La tatu lilikubali kwa bei ya juu kidogo, likaleta stakabadhi tano kwa tripu tano, na jumla ya gharama yake ilikuwa ndogo kuliko tuliyolipa kwenye lile tamasha kwa mashine ya moshi wa jukwaani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zipo, na bwana afya anaweza kuzitumia akitaka, lakini barua za kibali nilizowahi kujaza ziliuliza idadi ya walinzi, saa ya kuzima muziki na idadi ya vyoo. Hakuna hata moja iliyouliza majitaka yatamwagwa wapi na nani ataleta ushahidi. Nimeandika kwa maandishi kwa waliotupa kibali mwaka huu kuomba mstari huo uongezwe, na nimeambatisha nakala za stakabadhi zetu tano ili waone kwamba inawezekana.

Kisima cha yule bibi tulikivuta maji yote mara mbili kwa pampu, tukakitia klorini kwa usimamizi wa afisa afya wa kata, na kwa wiki tatu kamati ilimnunulia maji ya dumu. Harufu imekwisha, na sampuli ya mwisho iliyopimwa haikuonyesha tatizo. Nilimtembelea tena mwezi uliopita, nikamkuta uani na mjukuu wake. Mtoto ndiye aliyevuta ndoo safari hii, na kabla ya kumimina maji kwenye mtungi aliinamisha uso, akanusa, kisha akamgeukia bibi yake na kumpa naye anuse.